MFIWA ASIYE NA MATANGA: Uchungaji kwa Mhudumu wa Afya Aliyefiwa na Mgonjwa

1. Utangulizi

Katika mwaka wa kwanza wa utumishi wangu niliitwa usiku kwenda katika hospitali moja ya kanisa, kwa ajili ya jamaa waliofiwa na mama aliyekuwa amejifungua jioni ile. Nilisali pamoja na mume wa marehemu, nikaketi na mama yake mzazi, nikawasindikiza hadi langoni. Niliporudi wodini kuchukua Biblia yangu niliyokuwa nimeisahau, nilimkuta muuguzi wa zamu peke yake, akikunja shuka za kitanda kile. Aliinua uso akaniambia, "Pole na kazi, Mchungaji." Nikamjibu, "Ahsante, Sista," nikaenda zangu. Nilikuwa nimekwisha kufika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba yeye aliyenipa pole ndiye aliyemshika yule mama mkono hadi pumzi ya mwisho, na kwamba usiku ule mzima hapakuwa na mtu aliyempa pole yeye, wala mimi sikumrudishia.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa darasani: huzuni impatayo mhudumu wa afya anapofiwa na mgonjwa wake, na wajibu wa mchungaji kwake. Kwa neno "mhudumu wa afya" tuna maana ya muuguzi, mkunga, tabibu, daktari, na hata yule afagiaye wodi, ambaye mara nyingi humfahamu mgonjwa kuliko wote. Hoja yetu ni hii: mhudumu wa afya ni mfiwa wa kweli, lakini ni mfiwa asiye na matanga. Mchungaji hakuitwa kumwondolea huzuni hiyo, wala kumweleza kwa nini mgonjwa alikufa. Ameitwa kumwekea matanga, yaani kumpa nafasi, watu na muda wa kuomboleza, kisha njia ya kurudi kazini.

2. Matanga na kazi yake

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua kufiwa. Mtu akifa, habari huenezwa, majirani huacha shughuli zao, turubai husimamishwa, kuni na maji huletwa, daftari la rambirambi hufunguliwa. Mfiwa haachwi alale peke yake. Huambiwa pole na kila aingiaye, na kila pole humfanya asimulie tena jinsi mambo yalivyokuwa: aliumwaje, alisema nini mwisho, alikata roho saa ngapi. Siku zikitimia matanga huanuliwa, mahali pengine kwa kunyoa nywele, mahali pengine kwa ibada fupi na chakula, na mfiwa huruhusiwa, hata huhimizwa, kurudi shambani. Kwa hiyo matanga hufanya mambo matatu: humtambulisha mfiwa mbele ya watu, humpa nafasi ya kusimulia, na humwekea siku ya kurudi.

Mhudumu wa afya hana hata moja kati ya hayo matatu. Mgonjwa akikata roho, muuguzi humfumba macho, humfunga taya, humwosha, humfunika, huandika jina na saa katika kitabu cha ripoti, huwaita jamaa, kisha husaidia kumpeleka katika chumba cha maiti. Baada ya hapo hunawa mikono na kwenda kitanda cha pili, kwa kuwa saa ya dawa imefika. Kama ni zamu ya usiku, huenda yuko peke yake na wodi nzima. Mithali yetu husema, "Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia." Lakini huyu hawezi kukianza kilio. Akilia mbele ya jamaa, wataogopa kwamba kuna kosa lililotendeka. Akilia mbele ya wagonjwa, watakata tamaa. Akilia mbele ya wenzake, huogopa kuonekana dhaifu. Na kwa kuwa hakukianza, hakuna aingiaye.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Tarehe 28 Novemba 1942 jumba la starehe liitwalo Cocoanut Grove katika mji wa Boston, Marekani, liliungua na watu 492 wakafa. Daktari Erich Lindemann aliwachunguza waliosalimika na waliofiwa, na mwaka 1944 akachapisha taarifa yake. Alionyesha kwamba huzuni ya kufiwa ina dalili zake katika mwili na katika nafsi: kukabwa koo, kuishiwa nguvu, kutotamani chakula, kujilaumu, na kuwakasirikia watu wasio na kosa. Alionyesha pia kwamba huzuni iliyozuiliwa haipotei; huweza kuzuka baadaye kwa sura nyingine. Mwaka 1989 Kenneth Doka, mwalimu wa Marekani ambaye pia ni mchungaji wa Kilutheri, alihariri kitabu juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui, yaani huzuni ya mtu aliyepoteza kitu cha kweli, lakini hakuna anayemhesabu kuwa mfiwa. Mhudumu wa afya ni mmoja wa watu hao.

Historia yetu wenyewe yatoa ushuhuda mzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi ulianza mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili iko miaka ishirini na mmoja, ambamo wauguzi na matabibu waliwapokea watu wakijua kwamba hawana dawa ya kuwaokoa. Na waliolala vitandani mara nyingi walikuwa jirani zao, waliowafundisha shuleni, na wenzao wa kazi. Karibu na siku zetu, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa UVIKO-19 ulimwenguni kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Waliobaki waliwazika wenzao, kisha wakarudi wodini.

3. Jinsi huzuni hii inavyojitokeza

Mchungaji asitazamie kwamba mhudumu aliyefiwa atakuja ofisini kwake akilia. Huzuni isiyo na matanga huvaa nguo nyingine. Wa kwanza huwa mkali. Washarika hulalamika kwamba wauguzi wana lugha kali, na mara nyingine malalamiko hayo ni ya haki, wala hatuna sababu ya kuyafunika. Lakini mchungaji mwenye busara ataulizia pia ni vifo vingapi vilivyotokea katika wodi ile mwezi ule. Ukali mwingine ni majonzi yaliyokauka.

Wa pili huwa baridi. Hufanya kazi yake sawasawa, lakini hataki tena kujua jina la mgonjwa. Husema "kitanda namba nne". Amejifunza kwamba asiyependa haombolezi. Mwaka 1992 muuguzi Carla Joinson wa Marekani aliandika juu ya hali hiyo akiiita uchovu wa huruma: mtu hakuishiwa nguvu za mikono, bali ameishiwa uwezo wa kuwahurumia wengine. Wa tatu huwa na bidii kupita kiasi, hachukui likizo, huchukua zamu za wenzake, kana kwamba atalipa kifo cha mmoja kwa kuokoa kumi. Wa nne hukimbilia pombe, au huacha kabisa kuja ibadani, kwa kuwa kila wimbo wa mazishi humkumbusha kitanda fulani.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Wanafunzi wengi wa theolojia wamefundishwa zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, zilizomo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Inafaa kukumbuka kwamba kazi ile ilianza mwaka 1965, wakati wanafunzi wanne wa theolojia wa Chicago walipomwendea daktari huyo kuomba msaada katika uchunguzi wao. Kwa hiyo ni kazi iliyozaliwa kwa maswali ya watu kama sisi. Lakini yeye alikuwa akiwasikiliza wagonjwa wanaokaribia kufa. Hakuandika ngazi ambayo kila mfiwa hana budi kuipanda. Mchungaji asimpime muuguzi kwa kumwuliza moyoni, "Huyu yuko hatua ya ngapi?" Huzuni huenda mbele na kurudi nyuma, na yaweza kurudi mwaka mzima baadaye, siku mhudumu atakapompokea mgonjwa mwenye jina lile lile.

4. Hatia ya kweli na hatia isiyo ya kweli

Jambo linalomtofautisha mhudumu wa afya na mfiwa mwingine ni hatia. Jirani aliyefiwa hulia kwa kuwa amempoteza mtu. Mhudumu hulia pia kwa kuwa alikuwa ameshika bomba la sindano. Daktari Albert Wu wa Marekani aliandika mwaka 2000 kwamba kosa la kitabibu linapotokea, mgonjwa huumia kwanza, lakini mhudumu aliyelitenda huwa mwumiwa wa pili. Hapa mchungaji anaingia katika eneo la wito wake hasa, na hapa pia ndipo anapoweza kudhuru.

Nilirudi katika hospitali ile baada ya wiki mbili. Nilimtafuta yule muuguzi, nikamwambia, "Sista, usiku ule ulinipa pole, nami sikukupa. Nimekuja kukupa pole." Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi. Nilidhani atasimulia juu ya damu iliyokosekana usiku ule, maana mama yule alikufa kwa kutokwa damu. Alisimulia hayo kwa ufupi. Kisha akaniambia, nami naandika kwa ruhusa yake, kwamba mama yule alimwuliza mara tatu kama mtoto amenyonya, naye mara zote tatu alimjibu ndiyo ili kumtuliza, ingawa mtoto alikuwa bado hajanyonya. Neno hilo moja ndilo lililokuwa likimwamsha usiku. Kama ningemfariji kwa habari ya damu, kama nilivyokuwa nimejiandaa, ningekuwa nimefariji jeraha lisilo lake.

Tujifunze basi kupambanua. Iko hatia isiyo ya kweli: mhudumu hujilaumu kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake, kama damu isiyokuwapo, gari lililochelewa, ugonjwa ulioletwa ukiwa umekwisha komaa. Hatia ya namna hii haihitaji ondoleo la dhambi. Tukimtangazia msamaha kwa dhambi asiyoitenda, tunamthibitishia kwamba aliitenda. Anachohitaji ni ukweli, na mara nyingi ukweli huo hutoka vizuri zaidi kwa daktari mwenzake, aketiye naye na kupitia mambo moja moja, kuliko kwa mchungaji asiyejua dawa.

Na iko hatia ya kweli: mhudumu alilala zamuni, alikosea kipimo cha dawa, alimjibu mgonjwa kwa dharau, au alisema lisilo kweli. Huyu tusimwambie, "Usijali, ni mapenzi ya Mungu." Kumwambia hivyo ni kumfungia mlango wa toba, na ni kumbebesha Mungu kosa la mwanadamu. Kanisa la Kilutheri halikufuta maungamo ya faragha. Luther aliyaweka katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Mhudumu aungame, naye mchungaji amtangazie ondoleo kwa jina la Kristo waziwazi, wala asilipunguze kuwa maneno ya kumtia moyo tu. Siri ya maungamo ilindwe kabisa. Lakini mchungaji amsaidie pia kuona kwamba msamaha wa Mungu haufuti wajibu wake mbele ya hospitali na mbele ya jamaa. Amsindikize kuutimiza wajibu huo, asimwache aende peke yake.

Mara nyingi hatia hizo mbili huchanganyika katika moyo mmoja, kama zilivyochanganyika kwa yule muuguzi. Ndiyo sababu mchungaji asikilize kwa muda mrefu kabla ya kutamka neno lolote. Vikao vya hospitali vya kutathmini vifo havitoshi kwa kazi hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004 kuhusu kuchunguza vifo vya akina mama ulisisitiza kwamba kusudi lake ni kujifunza ili kuzuia vifo vingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Ni mwongozo mwema. Hata hivyo kikao huuliza, "Nini kilitokea?" Mtu mwingine hana budi kuuliza, "Na wewe, u hali gani?"

5. Maandiko yatuelekeza wapi?

Sura ya 19 ya kitabu cha Hesabu husomwa mara chache katika mahubiri yetu. Humo imeandikwa kwamba yeyote aliyegusa maiti alikuwa najisi kwa siku saba, naye alitakaswa kwa maji siku ya tatu na siku ya saba. Hatuko tena chini ya amri hiyo, na unajisi huo haukuwa sawa na dhambi. Aliyemzika baba yake kwa upendo naye alikuwa najisi. Lakini tuone hekima iliyomo. Israeli walijua kwamba mtu hawezi kugusa mauti asubuhi na kuendelea na shughuli zake mchana kana kwamba hakuna kitu. Mauti humwachia aliyeigusa alama. Kwa hiyo alipewa siku za kukaa kando, akapewa siku ya kurudi, na hakujitakasa peke yake: mtu mwingine, aliye safi, ndiye aliyemnyunyizia maji. Muuguzi wa siku zetu hugusa maiti saa nne na kugawa dawa saa nne na nusu, wala hakuna amnyunyiziaye.

Rafiki watatu wa Ayubu wanajulikana kwa hotuba zao mbaya. Lakini kabla ya kusema, waliketi pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa maana waliona maumivu yake ni makubwa. Huo ndio uchungaji bora waliopata kuutoa. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa ili kueleza sababu.

Katika Yohana 11 Martha, na baada yake Mariamu, wanamwambia Bwana kwamba angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Kila daktari amesikia sentensi hiyo kutoka kwa jamaa: mngekuja mapema, mngempa dawa ile. Tena wako waliokuwa wakinong'ona kwamba aliyefumbua macho ya kipofu alishindwaje kuzuia kifo hiki. Bwana wetu, ambaye alijua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro kaburini, hakujitetea. Alilia. Kama yeye mwenye uwezo wa kufufua alilia mbele ya watu, basi machozi ya mhudumu asiye na uwezo huo si upungufu wa imani wala upungufu wa ujuzi.

6. Luther katika mwaka wa tauni

Walutheri tunao mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther na Bugenhagen walibaki ili kuwahudumia wagonjwa. Nyumba ya Luther ikawa kama hospitali, na mkewe Katharina alikuwa mja mzito. Mwezi Agosti mke wa meya wa mji alifia karibu mikononi mwa Luther. Mwezi Novemba akafa Hanna, dada ya Bugenhagen na mke wa shemasi Georg Rörer, pamoja na mtoto aliyezaliwa mfu. Katika barua zake za miezi hiyo Luther hajionyeshi kuwa shujaa. Anaeleza majaribu mazito ya roho na anawasihi rafiki zake wamwombee. Baada ya kifo cha Hanna, Bugenhagen na jamaa yake walihamia nyumbani kwa Luther. Wahudumu wawili waliofiwa walikaa chini ya paa moja. Hayo yalikuwa matanga yao.

Katika mwaka huo huo Luther alimwandikia Johann Hess wa Breslau kuhusu swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Aliwataka wahubiri na wenye dhamana ya watu, wakiwamo matabibu wa mji, wasiondoke katika nafasi zao, lakini wenye dhamana aliwaruhusu kuondoka kama wamepatikana wengine wa kutosha wa kushika mahali pao. Aliwakemea pia wale waliodharau dawa kana kwamba ni kumwamini Mungu zaidi. Kwa somo letu ruhusa ile ina uzito. Mhudumu aliyelemewa na vifo akiomba kupumzika, na mwenzake yupo wa kushika zamu, hajausaliti wito. Wito ni wa Mungu, na Mungu ana watumishi wengine.

7. Mchungaji afanye nini?

Kwanza, katika saa ile ile. Baada ya kusali na jamaa, mchungaji arudi kwa wahudumu. Awaite kwa majina, awape pole, na kama hali yaruhusu asimame nao kitandani kwa kitambo kifupi. Muuguzi Jonathan Bartels wa Virginia, Marekani, aliandika mwaka 2014 juu ya desturi aliyoianzisha kazini: baada ya jitihada za kumwokoa mgonjwa kushindikana, wote waliohusika husimama kimya kwa kitambo, wakimheshimu marehemu na kuitambua kazi waliyoifanya pamoja. Jambo hilo halihitaji fedha wala vifaa, na wahudumu wa imani yoyote waweza kushiriki. Katika hospitali zetu, ambamo Wakristo na Waislamu hufanya kazi pamoja, kimya kama hicho chafaa kuliko sala ndefu.

Pili, katika wiki ile. Mchungaji amtembelee mhudumu, si ofisini tu bali pia nyumbani. Amwombe asimulie, lakini asimlazimishe. Kuna wakati ilidhaniwa kwamba kila aliyeona jambo zito ni lazima akalishwe mara moja na kusimulishwa yote. Mapitio ya uchunguzi yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii madhara ya baadaye. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011 unaelekeza tuwepo, tusikilize, tutimize mahitaji ya lazima, tuwaunganishe watu na jamaa zao, na tusimshurutishe mtu kusema. Wazee wetu wa matanga walilijua hilo: wengine husimulia, wengine huchochea moto tu, na wote wamo msibani.

Tatu, katika mwaka. Usharika ulio na hospitali au zahanati uwe na ibada ya kuwakumbuka waliofia humo, na wahudumu wahudhurie wakiwa wafiwa, wakae viti vya mbele, wapewe pole na washarika. Siku zake za kufaa zipo tayari, kama Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa. Aidha, mchungaji wa hospitali akubaliane na muuguzi mkuu kuwa na kikao cha mara kwa mara, labda kila mwezi, ambamo wahudumu huzungumza si juu ya tiba bali juu ya jinsi kazi inavyowagusa. Kikao hicho kiwe na mwanzo na mwisho, kisiandikwe kumbukumbu, na mkubwa asimhoji mdogo.

Nne, ajue mipaka yake. Mhudumu asiyelala kwa wiki nyingi, anayeona tena na tena tukio lile lile kama linatokea sasa, anayelewa ili aweze kwenda kazini, au anayesema kwamba afadhali angekufa yeye, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili au mnasihi aliyefundishwa. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Kumpeleka huko si kukiri kwamba sala imeshindwa. Aliyetuagiza kusali ndiye aliyewapa watu maarifa ya tiba, na Luther angetukemea kama tungeyadharau.

Tano, ayaepuke maneno mepesi. "Mungu alimpenda zaidi," "Mmezoea ninyi," "Jikaze," "Kila jambo na sababu yake": maneno haya humfunga mfiwa kinywa. Neno "pole" latosha, kama aliyelisema yuko tayari kuketi.

8. Mchungaji naye

Katika sura ile ya Hesabu kuna jambo moja ambalo msomaji aweza kulipita. Yule aliyenyunyiza maji ya utakaso alipaswa kufua nguo zake, na yeyote aliyeyagusa maji hayo alikuwa najisi hadi jioni. Amtakasaye mwenzake hubaki na sehemu ya mzigo wake, lakini hadi jioni tu. Kisha naye huachiliwa. Mchungaji wa hospitali husikiliza vifo vya wodi zote. Mithali husema, "Mganga hajigangi." Kwa hiyo awe na mchungaji wake mwenyewe, awe na siku ya kupumzika ambayo mkuu wa jimbo anaijua na kuilinda, na awe na mahali pa kusimulia pasipo kutaja majina. Kwa wanafunzi wanaosoma makala haya, neno langu ni kwamba msingoje mpate daraja takatifu ndipo mtafute mtu wa namna hiyo. Mtafuteni mkiwa chuoni.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mhudumu wa afya hufiwa kweli, kwamba huzuni yake haina mahali pa kukaa, kwamba mara nyingi imechanganyika na hatia inayohitaji kupambanuliwa kwa uangalifu, na kwamba Maandiko pamoja na historia ya kanisa letu hutuonyesha njia: kumtambua mfiwa, kuketi naye, kumsikiliza, kumtangazia msamaha pale penye kosa na ukweli pale pasipo kosa, na kumwekea siku ya kurudi.

Yule muuguzi aliendelea na kazi yake miaka mingi. Hakuniambia kwamba alisahau, nami sikumtaka asahau. Siku tuliyoketi kwenye benchi aliungama lile neno alilomwambia mama yule, nikamtangazia ondoleo. Kisha akatazama saa yake, akasema wagonjwa wanamngoja, akaenda. Basi, ndugu mchungaji, utakapoitwa tena wodini usiku, uwafariji wafiwa, uwasindikize hadi langoni, kisha urudi ndani. Kuna mtu anayekunja shuka, naye bado hajapewa pole.